Mita za Wageni

Kabati lilikuwa la kioo, na hilo ndilo lililomuudhi Bi Akai, mwalimu wa umeme, kuliko yote. Lingekuwa la mbao angepita na shughuli zake akasahau kilichomo. Lakini kila asubuhi akiingia karakana ya umeme, pale kwenye chuo cha ufundi cha kaunti nje kidogo ya mji wa Isiolo, alizikuta mita nane za manjano zimepangwa kwa mstari, bado zimevikwa plastiki zilizokuja nazo. Ni mita zile za mkononi, unazungusha swichi tu, chombo kimoja kinakupimia volti, ampea na mengineyo. Zilikuwa na miaka mitatu humo ndani, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuzigusa.

Siku zilipoletwa kulikuwa na hema, viti vya kukodi na soda. Bwana mmoja wa kaunti alisema kwenye kipaza sauti kwamba vijana wa Isiolo sasa basi, hawatabaki nyuma tena, na Akai akapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Kesho yake akaenda kuchukua mita akafundishe. Akakuta kabati lina kufuli, na ufunguo uko kiunoni kwa mzee Kinoti wa stoo.

"Hizi ni za wageni, Mwalimu," Kinoti akamwambia kwa upole. "Wewe fundisha na ubao kwanza. Akiba haiozi."

Sasa ugombane vipi na mtu kama huyo? Kinoti hakuwa mbaya. Alikuwa mzee msafi, mtu wa kanisa, aliyeshuka kutoka Meru zamani kutafuta kazi na akakaa. Zamani hizo seti nzima ya bisibisi ilipotea mikononi mwa wanafunzi, yeye akaandikiwa barua ya onyo, na barua hiyo haijamtoka moyoni hadi leo. Tena alichokifanya ni kile ambacho kila nyumba inafanya. Nani hana kabati la vikombe vya wageni? Watoto wanakunywa chai kwa vikombe vya plastiki vilivyovunjika mkono, na vile vya maua vinasubiri mgeni ambaye akija mwenyewe anasema hatumii chai. Kinoti alibeba desturi ya sebuleni akaileta karakana, akabandika karatasi kwenye kioo: TAZAMA, USIGUSE. Wanafunzi wakipita hapo walitakiwa kuweka mikono nyuma, kama askari. Kila Ijumaa alifungua kabati, akazipangusa mita moja moja kwa kitambaa, akafunga.

Kwa hiyo Akai alifundisha na chaki. Alichora betri, akachora balbu, akachora duara akaandika A ndani yake, akasema hii ni amita, ya kupima mkondo wa umeme. Wanafunzi nao wakachora duara. Waliweza kuchora duara safi sana, hao watoto. Ukiwaamsha usingizini watakuchorea. Halafu mwaka jana mtihani ukaja, na kwenye meza ya tatu mtahini kutoka Nairobi akaweka amita halisi akasema pima mkondo. Kati ya wanafunzi kumi na mmoja, tisa waliichukua amita wakaibandika moja kwa moja juu ya betri, waya huku na waya huku, jambo ambalo hata fundi wa redio wa miaka ya zamani angekuzaba kofi ukilifanya. Fyuzi zikakatika moja baada ya nyingine. Mtahini akaandika kwenye ripoti sentensi moja ambayo Akai aliijua kwa moyo: wanafunzi hawa hawajawahi kushika mita. Hakuna mahali ripoti ilipotaja kabati.

Mmoja wa wale tisa alikuwa Ekeno. Huyu alikuwa kijana mrefu, mkimya, wa kutoka upande wa Garbatulla. Baada ya kuanguka wenzake walitawanyika, huyu kwenye bodaboda, yule kwenye mawe ya ujenzi, lakini Ekeno alirudi kurudia mwaka mzima. Alikuwa na sababu. Kule Rapsu, kwenye mashamba ya kumwagilia maji, kulikuwa na mtu wa pampu za sola aliyemwambia: kazi ipo, njoo na cheti. Mtu huyo alikuwa amemsubiri mwaka mmoja na kumtumia ujumbe kwamba hatasubiri wa pili. Mtihani wa mwaka huu ulikuwa Alhamisi. Sasa ilikuwa Jumatatu, na tangu mtihani ule Ekeno alikuwa hajashika mita tena.

Akai aliapa kwamba mwaka huu haitakuwa hivyo. Asubuhi hiyo ya Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa chuo, Madam Gaceri, akasimama mbele ya meza bila kuketi.

"Madam, nipe mita mbili tu, kwa siku mbili."

"Akai, keti kwanza."

"Nimesimama tu, madam."

Gaceri akavua miwani. Akaeleza kwamba Ijumaa wageni wa kaunti wanakuja na watu wa kamera, na karakana ndiyo wanayotaka kuiona. Mita ikikwaruzwa Jumatano, Ijumaa atasema nini? Baada ya wageni kuondoka, watalizungumza vizuri.

"Baada ya wageni mtihani utakuwa umepita."

"Si mtahini atakuja na zake?"

"Mwaka huu wameandika kwamba chuo kitoe vifaa vyake."

"Basi watazitumia siku hiyo ya mtihani. Shida iko wapi?"

Akai alitoka bila kuaga. Kama kuna kitu kilichomchosha duniani ni kueleza jambo la wazi kwa mtu aliyesoma kumshinda. Atajuaje kuogelea mtu ambaye siku ya kwanza kuona mto ndiyo siku ya kuvuka? Alitembea hadi nyuma ya karakana, akaupiga teke mtungi wa plastiki, na mtungi ulikuwa na maji, kwa hiyo akaumia kidole. Mama yake alimwambia tangu utotoni: hasira hasara. Akai aliukubali ukweli huo kila siku, kisha akakasirika tena.

Alizaliwa Kiwanjani, mtaa wa pale pale Isiolo, mtoto wa nne wa mzee Erot. Baba yake alikuwa amefika mjini na mbuzi wake waliosalia baada ya ukame, akajenga boma dogo nyuma ya nyumba ya mabati, akaendelea kuwa mchungaji katikati ya mji. Mabinti wa majirani walienda kushona au kusuka nywele. Akai akataka umeme, kwa sababu aliona fundi akipanda mlingoti na watu wote wakimtazama kwa heshima. Chuo hiki hiki kilimpokea zamani, kikiwa bado banda la mabati na mwalimu mmoja, mzee Ntongai. Ntongai hakuwa na kabati. Alikuwa na mita moja ya mshale, nyeusi, kioo kimepasuka pembeni, na alimrushia mwanafunzi kama mtu anayemrushia mwenzake embe: daka, pima. Siku Ntongai alipostaafu alimwachia Akai mita ile. Miaka kumi na tisa sasa Akai aliiweka nyumbani, imefungwa kwenye leso, ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo za Jumapili.

Jumanne asubuhi aliifungua leso. Alipofika karakana na ile mita mkononi, wanafunzi tisa walisogea wote kwa pamoja, na wawili kati yao, kwa mazoea tu, waliweka mikono nyuma.

"Toeni mikono," Akai akasema. "Hii ni ya kushika."

Aliweka mezani betri ya pikipiki, balbu na waya. Kabla ya yote aliwaeleza tena habari za mkondo, na safari hii aliachana na chaki. Aliwaambia juu ya baba yake. Jioni mzee Erot alisimama kwenye mlango wa boma, mlango mwembamba wa kupita mbuzi mmoja mmoja, naye yuko pale pale njiani mpaka mbuzi wanamgusa magoti. Hakuhesabu, maana kwao mifugo haihesabiwi kwa namba, ni kuita mkosi. Aliwaona tu wakipita, akajua.

"Amita ni yule mzee," Akai akasema. "Lazima asimame njiani, mkondo umpitie. Ukitaka kumweka, unakata njia kwanza, unamsimamisha kwenye pengo. Voltimita, ya kupima volti, si hivyo. Voltimita ni mtu anayesimama nje ya ua anatazama tu, huku na huku."

Ekeno akainua mkono. Ilikuwa nadra.

"Na balbu, madam, inakula wangapi?"

Kila mwaka kuna anayeuliza hilo, maana kila mtu anaamini balbu inakula umeme kama mtu anavyokula ugali. Akai alitaka kumjibu kama alivyozoea, lakini Habsa, msichana wa Kiborana aliyekaa mbele, akamwahi.

"Si mbuzi wanaenda malishoni na wanarudi? Wanarudi wamechoka, lakini ni wale wale."

"Waliotoka ndio wanaorudi," Ekeno akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa kitu ambacho amekipita kila siku. Akai akasikia raha kifuani. Mwaka mzima wa chaki haukufanya kazi hiyo.

Wakaanza kupima kwa zamu. Habsa alikuwa wa kwanza kupima volti za betri, waya nyekundu huku na nyeusi kule, na mshale ukapanda taratibu ukasimama juu kidogo ya kumi na mbili. Wengine wakafuata. Zamu ya Ekeno ilipofika, kengele ya chai ilikuwa karibu kulia, na Akai alikuwa anatazama saa ukutani akihesabu waliobaki. Ekeno alipima volti sawasawa kabisa. Waya zilikuwa bado juu ya betri.

"Vizuri," Akai akasema, macho yake yakiwa kwenye saa. "Sasa geuza upime ampea."

Ekeno akageuza swichi. Alifanya hivyo tu, alivyoambiwa. Waya hazikutoka kwenye betri.

Mshale uliruka ukagonga ukingo, ukapinda, na harufu ya kuungua ikatoka kwenye ule ufa wa kioo. Akai alizing'oa waya lakini maji yalikuwa yamemwagika. Aliitikisa mita karibu na sikio, akasikia kitu kikicheza ndani. Alipomgeukia Ekeno hakuona kijana aliyesubiri mwaka mzima. Aliona leso, sanduku la bati, na mzee Ntongai.

"Mkono wako ni wa kuchunga mbuzi, si wa umeme," akamwambia mbele ya wote. "Usiguse tena kitu changu."

Ekeno akaweka mikono nyuma. Kengele ikalia, na hakuna aliyetoka mbio.

Neno likishatoka halina wa kulirudisha, na Akai alilijua hilo kabla hata hajafika nyumbani. Yeye, binti wa Erot, amemwambia mtu maneno hayo. Mama yake alimuuliza mbona hali chakula, akasema tumbo.

Jumatano asubuhi alikwenda stoo. Hakubisha. Aliingia, akaiweka ile mita iliyoungua juu ya daftari la Kinoti, akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwapo, ambacho ni cha Kinoti mwenyewe.

"Siondoki," akasema.

Kinoti aliiinua mita. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye ule ufa.

"Hii si ya Ntongai?"

"Ni yake."

"Nilikuwa nadhani alienda nayo." Akaishika kitambo. Yeye na Ntongai walianza kazi mwaka mmoja, na Ntongai alikwisha kufa. "Nani ameiua?"

"Mimi. Mimi na hili kabati lako. Mita moja, watu tisa, siku mbili kabla ya mtihani, na mimi nawaharakisha kama nakimbizwa. Mzee, kesho watoto hawa wanaanguka tena, na wewe utaendelea kupangusa."

Kinoti aliutazama ule mshale uliopinda, kisha akaufungua mkufu wa funguo kiunoni.

"Moja tu, Mwalimu. Na mimi nisimame hapo hapo."

Walikwenda karakana, wanafunzi wakawafuata, na mzee Kinoti akalifungua kabati mchana kweupe, siku isiyo Ijumaa, bila mgeni. Akachagua mita ya kwanza. Akaivua plastiki taratibu, kama mtu anayemvua mtoto mgonjwa nguo. Akampa Akai. Akai akazungusha swichi na kusubiri namba zitokee. Kioo kilibaki cheusi. Akazungusha tena. Wapi.

"Hiyo labda ililetwa mbovu," Kinoti akasema. Akatoa ya pili bila kuombwa. Nayo kimya. Ya tatu akaivua plastiki kwa haraka zaidi, ya nne akaichana. Zilipofika nane zote juu ya meza, hakuna iliyowaka.

Akai akachukua bisibisi akafungua mgongo wa ile ya kwanza. Ile betri ndogo ya mraba ilikuwa imevimba na kuvuja, na unga wa kijani na mweupe ulikuwa umeganda kwenye vyuma vyote vinavyoishikilia, hadi kwenye waya. Betri zilikuja zimetiwa humo tangu kiwandani. Kwa miaka mitatu hakuna aliyewasha mita, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba zinaoza. Akafungua ya pili, ikawa ile ile hadithi, na harufu yake kama ya siki.

Angeweza kusema. Tangu siku ile ya hema alikuwa akisubiri siku ya kumrudishia mzee huyu methali yake mdomoni, na sasa ilikuwa juu ya meza, imeoza mara nane. Lakini alimtazama Kinoti usoni na akaona haihitaji kusemwa.

"Mimi nilikuwa nazipangusa kila Ijumaa," Kinoti akasema.

"Najua, mzee."

"Kila Ijumaa, Mwalimu."

Akai alimsukumia kiti chake, akaingia kazini. Habsa alitumwa kwa duka la mjomba wake akalete betri mpya. Mwingine alitumwa jikoni kwa ndimu. Akawagawia wanafunzi bisibisi, njiti za viberiti na pamba, na kwa mara ya kwanza tangu chuo kilipoitwa cha kaunti, watoto wa umeme waliingiza vidole ndani ya mita. Walisugua kutu kwa maji ya ndimu, wakafuta, wakaanika juani kwenye ukingo wa dirisha. Walishika, wakaangusha, wakaokota, wakabishana waya gani inatoka wapi. Wakati wa chai ulipita na hakuna aliyeulizia chai. Mita sita zilikuwa zimekufa kabisa, vyuma vimelika mpaka basi. Saa tisa ya mchana mita moja ikawaka. Nusu saa baadaye ikawaka ya pili.

Ekeno alikuwa amesimama mlangoni siku nzima.

"Ingia," Akai akamwambia. Akaingia. "Shika hii, uzungushe."

"Nitaangalia tu, madam."

"Hutajifunza kwa kuangalia."

"Naona, madam. Naelewa."

Mikono iko nyuma. Akai alimvuta kando, karibu na lile kabati tupu, akatafuta pa kuanzia, maana kuomba msamaha ni kazi ambayo hakuwahi kuisomea.

"Jana nilikuambia geuza. Sikukuambia utoe waya kwanza. Ulifanya nilivyokuambia. Kosa ni langu."

"Sawa, madam."

"Na lile neno la mbuzi, nimelirudisha. Mimi mwenyewe mikono yangu imechunga."

"Hakuna shida, madam," Ekeno akasema kwa adabu, na hakuitoa mikono.

Hapo ndipo Akai alipotamani kulia kwa hasira, na safari hii hakuwa na wa kumkasirikia. Alikuwa amemsema Kinoti miaka mitatu. Na yeye je? Miaka kumi na tisa ameificha mita ya Ntongai chini ya nguo za kanisani isije ikaharibika. Kila mwaka kulikuwa na wanafunzi ambao ingewafaa, naye alichora duara ubaoni. Alipoitoa, aliitoa siku mbili kabla ya mtihani, kisha akamfokea mtu wa kwanza aliyeikosea. Tofauti yake na Kinoti ilikuwa kwamba sanduku lake halina kioo.

Alhamisi walimu hawakuruhusiwa ndani. Akai alikaa nje chini ya dirisha la vipande vya kioo, na kwa kuinua shingo aliiona meza ya tatu. Mtahini alikuwa mama mmoja wa makamo aliyechoka na joto, anajipepea na karatasi za mtihani. Mezani palikuwa na betri, balbu inayowaka, na moja ya zile mita mbili zilizofufuka. Habsa alipita, akakata njia, akaingiza mita kwenye pengo, akasoma, akaondoka. Wa pili akapita, na wa tatu. Mmoja alikosea akajisahihisha. Akai alikuwa anang'ata ukucha wa kidole gumba.

Ekeno akaingia. Akasoma swali, akaitazama betri, akaitazama mita, akasimama mikono nyuma. Dakika moja ikapita. Kila mmoja alikuwa na dakika kumi. Tatu zikapita, nne. Alikuwa anajua. Akai aliona macho yake yakifuata waya kutoka betri hadi balbu hadi betri tena, bila kukosea njia, na mikono imeshikana mgongoni mpaka vifundo vimepauka. Akai alitaka kupiga kelele dirishani. Shika, mtoto wewe. Ichome, iue, lakini shika. Akajiziba mdomo kwa leso.

Dakika ya sita mtahini akaacha kujipepea.

"Kijana, hiyo si ya maonyesho."

"Nikiichoma, madam?"

"Ukiichoma nitajua umeishika."

Ekeno akasimama kidogo tena. Kisha mikono ikaachana, ikaja mbele, na kwa muda ilining'inia tu hewani juu ya meza kama isiyojua ni ya nani. Akachomoa waya moja ya balbu. Balbu ikazimika, na moyo wa Akai nao. Akaichukua mita. Akazungusha swichi kabla ya kugusisha chochote, akakagua mara mbili, akaingiza mita pale pengoni. Balbu ikawaka.

Akasoma namba. Mtahini akaandika, halafu, labda kwa sababu ya zile dakika sita, akamuuliza kitu ambacho hakuwauliza wengine.

"Hapo umepima kabla ya balbu. Ukipima baada ya balbu utapata ngapi?"

"Hiyo hiyo, madam."

"Kwani balbu haijala kitu?"

"Imewachosha tu. Waliotoka ndio wanaorudi."

Mama yule alimtazama juu ya miwani. Akaandika kitu kirefu. Ekeno akaiweka mita chini kwa mikono miwili, akatoka, akampita Akai pale chini ya dirisha na alipofika kwenye kona ya jengo aliinua viganja vyake akavitazama, kimoja baada ya kingine.

Wageni walikuja Ijumaa saa nne, magari matatu na vumbi lake. Madam Gaceri alikuwa ametoa amri mapema: mita zote zioshwe, zirudi kabatini, zifungwe. Akai alipomwambia zimeoza, Gaceri alifikiri kidogo akauliza kama mtu anaweza kuona kwa nje. Haionekani, Akai akasema. Basi, Gaceri akasema, tutalizungumza baada ya wageni.

Kinoti alizipanga. Akai alisimama nyuma yake akimwona akizitoa kwenye boksi, moja, mbili, mpaka sita, na boksi likaisha. Mzee akaliinamisha boksi, akalitikisa. Akamgeukia Akai. Akai alitazama dari. Kinoti aliitazama ile karatasi yake ya TAZAMA, USIGUSE kwa kitambo, halafu akafungua tena kabati na kuzisogeza zile sita, hii huku na hii kule, mpaka zikaijaza nafasi ya mita nane. Akafunga kufuli.

Mgeni mkubwa alisimama mbele ya kioo na watu wa kamera wakasogea. Akasifu. Akasema angalieni, miaka mitatu na bado mpya kabisa, hawa ni watu wanaojua kutunza mali ya umma. Gaceri akatabasamu. Watu wakapiga makofi. Kinoti, aliyekuwa akiyasubiri makofi hayo tangu ile barua ya onyo, hakuinua uso.

"Na wanafunzi wanazitumia?" mgeni akauliza.

Hapo ndipo kitu kilipoanguka darasani upande wa pili wa ukuta, kitu kigumu cha plastiki juu ya sakafu ya saruji, kikaviringika, na sauti ya Ekeno ikasikika ikimwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: okota, haijafa, toa waya kwanza halafu ugeuze.

Wageni wote waligeuka kutazama ukuta. Akai hakugeuka.